Uzi wa Leiden: Tarehe ya Kuuandika Umeme wa Moyo

Kwa karne nyingi tabibu aliyetaka kuujua moyo wa mgonjwa aliye hai hakuwa na mlango wa kuingilia ila ule mmoja wa kifundo cha mkono, pale ambapo mshipa hupita karibu na ngozi na vidole vya mtu mwenye subira vinaweza kuyahesabu mapigo, kuyalinganisha, na kuyatolea hukumu. Elimu hiyo haikuwa duni hata kidogo. Ibn Sina, katika kitabu chake cha Qanun alichokikamilisha mwanzoni mwa karne ya 11, aliyapambanua mapigo kwa ukubwa na udogo wake, kwa kasi na utaratibu wake, kwa ugumu na ulaini wa mshipa, kwa mpangilio na mvurugiko, kisha akayataja yale ya ajabu kwa majina ambayo hata leo humfanya msomaji atabasamu: pigo la swala, pigo la mawimbi, pigo la msumeno, pigo la mkia wa panya, na lile dhaifu la sisimizi, ambalo matabibu waliliogopa kuliko yote.

Lakini hata mkono wa hodari wao ulikuwa ukipokea habari ya mwisho, na ile ya mwanzo haikuufikia. Pigo linalofika kifundoni ni damu iliyokwisha kusukumwa. Ni amri gani iliyoufanya msuli wa moyo ujikaze, amri hiyo ilianzia chumba gani, ikapita wapi, ikakawia wapi, vidole havikuwa na njia ya kujua. Nataka kueleza hapa namna amri hiyo, ambayo ni umeme, ilivyopatikana kuandikwa juu ya sahani ya picha na hatimaye juu ya karatasi. Na rai yangu, ambayo naiweka mbele mapema ili msomaji aipime mwenyewe njiani, ni kwamba tarehe hii ni ya mafundi kabla ya kuwa ya matabibu. Jambo lenyewe lilikuwa limekwisha kujulikana takriban nusu karne kabla ya kuandikwa ipasavyo. Kilichokosekana ni ala.

Kwamba kiungo hai kina umeme ndani yake lilikuwa neno la ubishi tangu mwaka 1791, Luigi Galvani wa Bologna alipotangaza majaribio yake juu ya miguu ya vyura, akazusha mabishano na Alessandro Volta wa Pavia yaliyowagawa wataalamu wa Ulaya nzima. Mabishano hayo yana habari zake ndefu zisizotuhusu hapa. Linalotuhusu ni jaribio moja la mwaka 1856, ambalo nalihesabu kuwa miongoni mwa majaribio mazuri zaidi yaliyopata kufanywa kwa vifaa vichache. Albert Kölliker na Heinrich Müller, katika chuo kikuu cha Würzburg, walichukua mguu wa chura uliokatwa pamoja na mshipa wake wa fahamu, wakaulaza mshipa huo juu ya moyo wa chura mwingine uliokuwa bado ukipiga, na tazama, mguu ukawa unashtuka kila moyo unapopiga. Na safari nyingine ulishtuka mara mbili katika pigo moja. Hapakuwa na betri wala waya wala sumaku. Umeme wa moyo wenyewe ndio uliokuwa ukiuchezesha mguu, na mishtuko ile miwili ndiyo tunayoiona leo kwenye karatasi ya hospitali kama mwiba mrefu na kilima cha mviringo kinachoufuata. Mguu wa chura, kwa hiyo, ndio uliokuwa ala ya kwanza ya kuubaini umeme wa moyo: ala isiyo na kipimo, isiyoandika chochote, na iliyochoka upesi, lakini iliyosema kweli.

Ala za kuandika mkondo dhaifu hazikutoka hospitalini, zilitoka baharini. Zilipotandazwa nyaya za simu za maandishi chini ya bahari kuu, ilionekana kwamba mkondo unaotumwa kutoka pwani moja hufika pwani ya pili umedhoofika mno, hata ala za nchi kavu zisiutambue. Na ni haja hiyo ya biashara na dola, wala si huruma kwa wagonjwa, iliyowafanya watu kama William Thomson, yule aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, kutengeneza kwanza ala ya kioo kidogo chenye kurudisha mwanga, kisha mwaka 1867 ile ya mrija mwembamba uliotiririsha wino juu ya utepe wa karatasi. Waya wa baharini wa namna hiyo ulifika Unguja mwaka 1879, zama za Sayyid Barghash, ukitokea Aden na kuendelea hadi Msumbiji na Durban. Ulimwengu ulikuwa umekwisha zoea kuusoma msitari uliopindapinda kwa umeme uliotoka ng'ambo ya bahari, ilhali msitari wa umeme unaotoka kifuani mwa mtu, safari ya dhiraa moja tu, haujapata kuonekana na yeyote.

Aliyetoa njia ya kwanza ni Mfaransa Gabriel Lippmann, ambaye mwaka 1908 alipewa tunzo ya Nobel kwa jambo jingine kabisa, yaani picha za rangi. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 alibuni ala iliyokuwa sahili kwa sura yake: mrija wa kioo mwembamba mno wenye zebaki, ambao ncha yake imezamishwa katika tindikali. Umeme ukibadilika, hata kidogo, mpaka baina ya zebaki na tindikali husogea mbele au nyuma; na mtu akiumulika mpaka huo kwa taa kali na kuutupa uvuli wake juu ya sahani ya picha inayokwenda, harakati ile hubaki imechorwa. Waingereza wawili, John Burdon Sanderson na Frederick Page, waliitumia mwaka 1878 kwa mioyo ya wanyama iliyofunuliwa. Moyo wa binadamu, ambao hauwezi kufunuliwa kwa ajili ya udadisi, ulibaki umefichika nyuma ya mbavu zake.

Hapo ndipo anapoingia Augustus Desiré Waller, mtu wa mzaha na mwenye nafasi, aliyezaliwa Paris mwaka 1856, mwana wa mtaalamu mashuhuri wa mishipa ya fahamu, na wakati huo mhadhiri katika skuli ya tiba ya hospitali ya St Mary's, London. Waller aliwaza jambo ambalo wenzake hawakuliwaza, nalo ni kwamba mwili wa mtu umejaa maji ya chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme; basi kwa nini umeme wa moyo usifike wenyewe mpaka kwenye ngozi, mtu akaupokea pale bila ya kumkata mtu yeyote? Mwaka 1887 akaweka vipokezi viwili, kimoja mbele ya kifua na kimoja mgongoni, akaviunganisha na ala ya Lippmann, na sahani ya picha akaipandisha juu ya behewa la gari la moshi la kuchezea watoto ili iende mbele ya mwanga kwa mwendo wa taratibu. Kifua kilichopimwa, kama inavyohadithiwa, kilikuwa cha Thomas Goswell, mtumishi wa maabara yake. Picha iliyotokea inaonyesha ukingo wa zebaki ukipanda na kushuka polepole, vilima viwili vidogo kwa kila pigo, wala mtu asiyeambiwa hatadhani kuwa ameona jambo kubwa. Hata hivyo hiyo ndiyo picha ya kwanza ya umeme wa moyo wa mwanadamu.

Baadaye Waller aligundua kuwa hata kifua si lazima: yatosha mtu kuitia mikono yake katika mabakuli ya maji ya chumvi. Na kwa kuwa alipenda kuwaonyesha watu kuliko kuandika, alimzoeza mbwa wake Jimmy, wa jamii ya buldogi, kusimama kwa utulivu miguu yake ikiwa ndani ya vyungu vya maji hayo huku uvuli wa zebaki ukicheza ukutani mbele ya wageni. Mwaka 1909 Jimmy alionyeshwa hivyo katika majlisi ya Royal Society, na habari zikawafikia watetezi wa wanyama, ambao walisikia kuhusu ukanda wa ngozi wenye misumari shingoni, na miguu iliyotiwa katika dawa na kufungwa nyaya za umeme, wakaona hapana shaka sheria ya kuzuia ukatili imevunjwa. Swali likapelekwa Bungeni. Waziri wa mambo ya ndani, Herbert Gladstone, akajibu, kwa ile adabu ya Kiingereza inayouma bila ya kuonyesha meno, kwamba dawa hiyo ni chumvi ya kawaida, kwamba ukanda ule ni mkanda tu wa shingoni wenye vishikizo vya shaba, na kwamba mheshimiwa muulizaji, kama amepata kutembea pwani miguu mitupu majini, anajua hasa mbwa yule alikuwa akisikia nini.

Lakini Waller huyu aliyeufungua mlango hakutaka kuingia. Hata mwaka 1911, wakati wenzake walikuwa tayari wanazinunua mashine, aliandika kwamba haoni kama kipimo hiki kitapata matumizi mapana hospitalini, na kwamba upeo wa manufaa yake utakuwa ni kuhifadhi, mara moja moja, alama ya maradhi ya nadra. Wapo wanaomcheka kwa neno hilo. Mimi naona ni insafu kukumbuka alichokuwa nacho mkononi. Zebaki ilikuwa kama tarishi mzee: habari anaileta kweli, lakini hukawia njiani, na akifika amekwisha sahau maneno ya katikati. Mtu aliyeishi na tarishi huyo kwa miaka zaidi ya ishirini hawezi kulaumiwa sana akidhani kuwa barua yenyewe haina maneno mengi.

Willem Einthoven alidhani vingine. Alizaliwa tarehe 21 Mei 1860 katika mji wa Semarang, bandari ya kaskazini mwa Java, ambako Wahadhrami, jamaa wa hao hao waliofanya maskani Lamu na Mombasa, walikuwa na mtaa wao. Baba yake alikuwa tabibu, naye alikufa Willem akiwa bado mtoto mdogo; na mwaka 1870 mama yake mjane akawachukua watoto wote sita akarejea nao Uholanzi, Utrecht. Kijana alisoma utabibu, akapenda mazoezi ya viungo na kupiga makasia, na alipovunjika kifundo cha mkono katika mazoezi hayo akakitumia kitanda cha ugonjwa kuchunguza namna mkono unavyojipindua, akaandika juu yake. Mwaka 1886, umri wake miaka 25, alikwisha kuwa profesa wa elimu ya utendaji wa mwili katika chuo kikuu cha Leiden.

Mwaka 1889 alimwona Waller akionyesha kipimo chake mbele ya wataalamu waliokusanyika Basel. Akarudi Leiden na shauku, akanunua ala ya zebaki, na mara akapambana na mitikisiko. Maabara yake ilikuwa kwenye jengo kongwe, na magari ya farasi yaliyopita juu ya mawe ya njia yaliitikisa zebaki kuliko moyo wa mgonjwa ulivyoitikisa. Alichimba sakafu, akajaza mawe makubwa ili ala ipate msingi imara, na hayakumfaa. Alipoona hawezi kuishinda zebaki kwa mikono akaishinda kwa hesabu: aliupima mwendo wake wa kukawia, akatunga njia ya kukokotoa kutoka katika msitari mbovu uliochorwa ule msitari sahihi ambao ungechorwa lau ala isingelikawia. Vilima vya msitari mbovu alikuwa ameviita A, B, C na D. Msitari uliosahihishwa, mwaka 1895, ulionyesha alama tano, naye ili asizichanganye na zile za kwanza akazipa herufi za nusu ya pili ya alfabeti, P, Q, R, S na T, kama ilivyo desturi ya wanahesabu tangu Descartes. Hesabu yenyewe, hata hivyo, ilikuwa kazi ya kumchosha mtu kwa pigo moja tu la moyo, na hakuna hospitali ambayo ingeweza kumweka mwanahesabu pembeni ya kila kitanda.

Basi akaamua kuiacha zebaki. Alitaka kitu chepesi kiasi kwamba kisiwe na uzito wa kukikawiza, na alichokipata ni uzi. Yapo madai kwamba Clément Ader, mhandisi Mfaransa, alikuwa amemtangulia mwaka 1897 kwa ala ya waya mwembamba uliowambwa baina ya ncha mbili za sumaku, na kweli alimtangulia. Lakini ala ile ilikuwa ya simu za baharini tena, na wembamba wa waya wake haukukaribia ule alioutaka Einthoven. Namna uzi wa Leiden ulivyotengenezwa yastahili kuangaliwa kwa karibu. Kipande cha kwatsi, jiwe lile lile linalopatikana katika mchanga, kilitiwa katika moto mkali mpaka kikayeyuka na kuwa kizito cha kunata. Kwenye kipande hicho kulikuwa kumeshikizwa mkia wa mshale. Upinde ukavutwa, mshale ukaachwa uruke kutoka upande mmoja wa chumba hadi wa pili, ukiburura nyuma yake utembo wa kwatsi uliokuwa ukipoa hewani hapo hapo. Njia hiyo ilibuniwa na Mwingereza Charles Vernon Boys mwaka 1887. Kilichobaki kikining'inia chumbani, baada ya mshale kutua, kilikuwa na unene wa milimita 0.002 hivi, ambapo unywele wa kichwa una unene wa mara thelathini au zaidi. Mtu aliweza kuupoteza kwa kuvuta pumzi karibu nao. Kwatsi haipitishi umeme, kwa hiyo uzi ulipakwa fedha kwa tando jembamba kuliko uzi wenyewe, kisha ukawambwa wima baina ya ncha za sumaku kubwa ya umeme. Ncha hizo zilitobolewa, katika tundu zake zikapenyezwa hadubini, taa ya umeme ikawekwa nyuma, na uvuli wa uzi ukakuzwa mara 600 na kutupwa juu ya sahani ya picha iliyokuwa ikishuka nyuma ya ufa mwembamba. Umeme wa moyo unapopita katika uzi, sumaku huusukuma kando kwa kadiri ya nguvu yake. Moyo ukinyamaza, uzi hurudi mahali pake. Hakuna zaidi ya hayo.

Kazi ya mikono katika mambo haya, kuyachonga, kuyapinda, kuyaunganisha, ilikuwa kwa sehemu kubwa ya fundi wa maabara aliyeitwa Van der Woerd. Jina lake halimo katika majina ya wavumbuzi, na vitabu vingi vya tiba vinampita kimya; tutarudi kwake.

Ala ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1901, na misitari ya moyo iliyochorwa kwayo ikatangazwa kwa wataalamu miaka miwili baadaye. Jambo lililomfurahisha Einthoven kuliko yote, na ambalo ni vigumu kwa mtu wa leo kulithamini, ni kwamba misitari hiyo ilikuwa sawasawa na ile aliyokuwa ameikokotoa kwa hesabu mwaka 1895. Uzi na kalamu, kila kimoja kwa njia yake, vilikuwa vimetoa ushahidi mmoja. Lakini uzi ule usio na uzito ulihitaji jitu la kuushika: mashine nzima ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, ikajaza vyumba viwili, ikataka watu watano wa kuiendesha, na sumaku yake ilipata moto hata ikabidi ipozwe kwa maji yanayopita mfululizo. Mgonjwa aliketi mikono yake miwili na mguu wake wa kushoto vikiwa ndani ya vyombo vya maji ya chumvi. Kutokana na sehemu hizo tatu Einthoven alipata jozi tatu za kupimia, na kutokana na jozi tatu alichora, mwaka 1912, ile pembetatu ambayo kila mwanafunzi wa utabibu hufundishwa mpaka leo, moyo ukiwa katikati yake.

Mtu anayepimwa siku hizi haoni bakuli wala taa. Analazwa chali, anapakwa ute wa baridi kifuani, anabandikwa vipokezi kifuani, mikononi na miguuni, kisha muuguzi anamwambia jambo ambalo wengi hulidhania kuwa ni adabu tu ya hospitali: alegeze mabega, asiongee, asicheke, asikaze vidole. Sababu yake ni ile ile ya Galvani. Kila msuli una umeme wake, na mtu anayetetemeka kwa baridi au hofu huufunika msitari wa moyo kwa manyoya ya misuli ya mikono hata daktari asiweze kuyasoma ya moyo. Wagonjwa wa Leiden walioketi na mikono ndani ya maji, katika hali ya hewa ya Uholanzi, bila shaka waliambiwa vivyo hivyo.

Wagonjwa wenyewe walikuwa taabu nyingine, maana mashine haikuweza kuhamishwa, na hospitali ilikuwa umbali wa kilomita moja na nusu. Kwa shauri la mwanafizikia Johannes Bosscha, Einthoven aliunga hospitali na maabara kwa waya wa simu, na tarehe 22 Machi 1905 msitari wa kwanza ulisafiri mjini. Mtu aliyepimwa hakuwa mgonjwa. Alikuwa mzima mwenye nguvu, na mwiba wake wa R ulitokea mrefu kupita kiasi, jambo walilolieleza kwa kuwa alikuwa ametoka maabara kwenda hospitali kwa baiskeli ili apimwe kutoka huko. Nasoma habari hii na kujiambia kwamba wale wanaodhani kumpima mgonjwa kutoka mbali ni jambo la zama za simu za mkononi wamechelewa kwa zaidi ya karne moja. Waya ule haukudumu. Gharama yake na mahusiano ya wakubwa wa pande mbili yakaukatisha, kama yanavyokatisha mengi.

Biashara ya ala ilikuwa na mambo yake. Einthoven alipatana kwanza na Max Edelmann wa Munich, ambaye kwa muda alimlipa sehemu yake kwa kila ala iliyouzwa, kisha akaacha kulipa. Akawageukia Waingereza, Cambridge Scientific Instrument Company, iliyokuwa chini ya Horace Darwin, mwana wa Charles Darwin, na hapo mashine ikaanza kukonda: mwaka 1908 waliuza ya kwanza kwa Edward Schafer wa chuo kikuu cha Edinburgh, na kufika mwaka 1911 walikuwa na ya kuwekwa juu ya meza.

Ala ya uzi ilimfikia Thomas Lewis, kijana wa Wales aliyefanya kazi University College Hospital, London, na hapo ndipo ala ilipoacha kuwa fahari ya maabara ikawa chombo cha tiba. Lewis alikuwa mtu mkavu, mwenye kazi nyingi na subira ndogo kwa wazembe, na swali alilolishika mwanzo lilikuwa la kale kabisa. Kulikuwa na pigo moja lililowatatiza matabibu tangu zama za kale, pigo lisilo na mpangilio wowote, kubwa likifuatwa na dogo, la haraka likifuatwa na la kukawia, wala hakuna hesabu itakayobashiri lijalo. James Mackenzie, daktari Mskoti aliyeuguza watu miaka mingi katika mji wa viwanda wa Burnley, alikuwa amelichora kwa mashine ya wino iliyofuata mshipa wa shingo, akaona kwamba alama ya kujikaza kwa chumba cha juu cha moyo imepotea, akadhani chumba hicho kimepooza. Mwaka 1909 Lewis, na huko Vienna wachunguzi Rothberger na Winterberg kwa upande wao, walitazama msitari wa uzi na kuona lile lisiloweza kuonekana mkononi: kilima cha P kimetoweka kweli, lakini mahali pake hapakuwa patupu, palikuwa na vitetemeshi vidogo vidogo visivyo na hesabu. Chumba hakikupooza. Kilikuwa kikipapatika mamia ya mara kwa dakika bila ya kusukuma chochote, na vyumba vya chini vilikuwa vikipokea amri zisizo na mpango. Kitabu chake juu ya namna moyo unavyopiga, kilichotoka mwaka 1911, Lewis aliwatunukia watu wawili, Mackenzie na Einthoven. Yaani mtu wa vidole na mtu wa uzi.

Yaliyofuata yalikwenda kwa kasi. Mwaka 1912 James Herrick wa Chicago alionyesha kuwa mtu aweza kuzibika mshipa wa moyo na asife papo hapo, fikra ambayo wengi waliipokea kwa baridi; mwaka 1920 Harold Pardee wa New York alieleza alama ambayo kuziba huko huiacha kwenye msitari, na tangu hapo maumivu ya kifua yakapata shahidi asiyebembelezwa. Frank Wilson wa chuo kikuu cha Michigan alipanga katika miaka ya 1930 namna ya kupokea umeme kutoka juu ya kifua chenyewe, vyama vya matabibu wa moyo vya Marekani na Uingereza vikakubaliana mwaka 1938 juu ya mahali pa kuweka vipokezi sita vya kifuani, na mwaka 1942 Emanuel Goldberger akaongeza mitazamo mitatu ya viungo. Tatu za Einthoven, sita za kifua, tatu za Goldberger: hizo ndizo kumi na mbili zinazochapwa leo.

Waller alifariki mwaka 1922. Mwaka 1924 Einthoven alikuwa Marekani akitoa mihadhara ilipotangazwa kwamba amepewa tunzo ya Nobel ya tiba. Alipokwenda kuihutubia mwaka uliofuata alimsifu Lewis kwa maneno mengi, akakiri kwamba bila ya kazi yake uzi usingelipata maana katika tiba. Na waliomwandika wanasimulia kwamba aliporudi Leiden alikwenda kumtafuta Van der Woerd, fundi wake wa zamani, ili wagawane fedha za tunzo nusu kwa nusu. Akaambiwa kwamba fundi amekwisha kufa, na kwamba amewaacha dada wawili wanaoishi kwa sadaka katika nyumba ya maskini. Nusu ile akawapa wao. Masimulizi ya namna hii hukua yanaposafiri, lakini hili wamelikubali wengi, nami sioni sababu ya kulikataa. Einthoven mwenyewe alifariki tarehe 29 Septemba 1927.

Uzi haupo tena. Umeshika nafasi yake umeme mwingine wa kukuza umeme, na mashine iliyohitaji vyumba viwili hubebwa kwapani. Lakini katika maandishi yake ya mwaka 1903 Einthoven alikuwa amechagua vipimo viwili: kwamba milimita moja ya kwenda mbele iwe sehemu 0.04 ya sekunde, ili sahani ishuke milimita 25 kwa sekunde, na kwamba milimita moja ya kwenda juu iwe sehemu moja katika elfu kumi za volti. Alivichagua kwa sababu za sahani zake na uzi wake. Mashine zilizokuja baadaye, za bomba, za transista, za kompyuta, hazikuwa na haja ya kuvifuata, na karibu zote zimevifuata, hata miraba ya karatasi ya waridi inayotoka katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ina vipimo hivyo hivyo. Daktari wa huko akipewa sahani ya Leiden ya mwaka 1903 atauhesabu mwendo wa moyo ule, atapima umbali wa P mpaka R, na ataandika majibu yake bila ya kuuliza imetoka kwenye mashine gani.